Kweli au si kweli: nesi wa Kagera na mila za mgonjwa wake

Saa ya kuona wagonjwa, iwe ni Rubya, Kagondo, Ndolage au hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba, vikapu hutangulia watu getini. Ndani yake kuna ndizi zilizopikwa na maharage, chupa ya chai, kanga ya kubadilisha na, mara nyingine, chini kabisa, kichupa ambacho hakuna anayekitaja mbele ya nesi. Makala haya yanahusu kichupa hicho na mengine yanayoingia wodini bila kuandikwa kwenye faili. Nimechukua kauli zinazosikika sana, nyingine midomoni mwa ndugu wa wagonjwa, nyingine midomoni mwa watumishi wa afya wenyewe, nikazipima moja moja.

"Kazi ya nesi ni kutekeleza alichoandika daktari."

Si kweli. Muuguzi wa Tanzania anafanya kazi kwa leseni yake mwenyewe, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na akikosea anajibu mwenyewe mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kabla ya kutoa dawa yoyote anapaswa kujiuliza: ni mgonjwa mwenyewe? Ni dawa yenyewe? Kipimo, njia na saa ni sahihi? Asiporidhika na jibu, dawa haitoki mkononi mwake, hata kama imeandikwa kwa wino wa bingwa.

Ana pia kazi ambayo haimo kwenye cheti cha dawa. Mmarekani Virginia Henderson, mmoja wa walioweka msingi wa taaluma hii katika karne ya 20, alieleza kwamba muuguzi humfanyia mgonjwa yale ambayo mgonjwa angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi. Akaorodhesha mahitaji 14. Kupumua limo, kula limo, kulala limo, na kuabudu kwa imani yake mgonjwa pia limo. Nesi anayemsogezea mzee maji ya kutawadha, au anayesubiri rozari imalizike ndipo achome sindano, anafanya kazi aliyosomea.

Mwulize nesi wa zahanati kwenye visiwa vya Muleba, Bumbire au Goziba, ziwa likichafuka na boti isiweze kuondoka. Daktari wa kumwandikia maagizo yuko ng'ambo ya maji.

"Ukishajua mila za Wahaya, umemjua mgonjwa wa Bukoba."

Si kweli, na kosa hili huwapata zaidi wanaojitahidi. Mtu anahudhuria semina, anapewa karatasi yenye kichwa "Mila za Wahaya", anarudi wodini akiamini anao ufunguo wa kila mlango. Kitanda cha kwanza yuko Mhaya Mlutheri kutoka Kamachumu, cha pili Mhaya Mwislamu wa mjini, cha tatu mvuvi Mjita aliyehamia mwaloni mwaka jana, cha nne Msukuma mwenye ng'ombe, cha tano Mhangaza kutoka Ngara. Karatasi ile haimsaidii kujua nani kati yao atakataa kuongezewa damu, nani hataki kuogeshwa na msichana mwenye umri wa mjukuu wake, na yupi ataona aibu kufunuliwa shuka huku mkwewe amesimama miguuni pa kitanda.

Hata ndani ya nyumba moja watu hutofautiana. Bibi anaamini kitu, binti yake mwalimu anaamini kingine, na mjukuu amesoma kwenye simu jambo la tatu. Kilicho salama ni kuuliza. Unaitaje ugonjwa huu? Unadhani umeletwa na nini? Umekwisha kutumia nini? Kuna jambo ambalo hupendi tukufanyie? Maswali manne, dakika tano, na mengi ya siri ya kikapu yameshatoka.

Hapo pana suala la lugha. Wapo wazee vijijini ambao Kiswahili chao kinaishia sokoni, na maumivu huyaeleza kwa Kihaya tu. Njia rahisi ni kumwita mjukuu atafsiri, lakini bibi hatamwambia mjukuu wa miaka kumi na miwili kwamba anatokwa damu ukeni. Atasema "tumbo", na "tumbo" litaandikwa kwenye faili. Afadhali mhudumu yeyote mzima wa wodi anayejua Kihaya. Akianza na "waitu", lile neno la heshima linaloweza kulainisha hata mkutano wa kijiji, bibi atasema kilichompata.

"Kashasha wasichana walicheka miezi mfululizo kwa furaha."

Si kweli, ingawa ndiyo hadithi ya Muleba iliyosafiri mbali kuliko zote. Inasimuliwa ng'ambo kama kichekesho, wakati waliokuwapo walikuwa na hofu.

Ilianza tarehe 30 Januari 1962, wiki saba na siku chache baada ya uhuru, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni iliyokuwa Kashasha. Walianza wasichana watatu. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Waliorudishwa nyumbani walifuatana na hali hiyo, na eneo la Nshamba pekee watu 217 waliipata, wengi wao vijana. Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, ikafungwa tena kabla ya Juni kwisha. Katikati ya mwezi huo ilikuwa imeshafika shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba mjini, ambako 48 kati ya 154 walishikwa. Walimu watano wa Kashasha hawakupata lolote, na hakuna aliyekufa popote.

Sasa huko "kucheka". Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliofuatilia jambo hili na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963, walieleza kwamba kila tukio lilichukua dakika chache hadi saa chache, likakoma, kisha likarudi. Kwa mtu mmoja hali hiyo ya kuja na kuondoka iliweza kufika siku 16. Katikati ya vicheko kulikuwa na vilio, kuhangaika, kupigana na anayejaribu kuwashika, na wasichana waliosema wanaona kama kuna mtu anawakimbiza. Damu ilipimwa, maji ya uti wa mgongo yakapimwa, sumu na kirusi vikakosekana. Wenyeji hawakuhitaji maabara kuupa jina: waliuita ugonjwa wa kucheka, kwa Kihaya chao, na wengine wakauweka upande wa wazimu.

Leo wataalamu huita hali ya aina hii mlipuko wa dalili za pamoja unaotokana na msongo. Tafsiri mbaya ya maelezo hayo ni kusema "kumbe walikuwa wanaigiza". Msichana anayetetemeka haigizi, kama vile jasho la anayeota ndoto mbaya si la kuigiza. Tanzania bado tunaona shule ambako wanafunzi wa kike huanguka na kupiga kelele mmoja baada ya mwingine, na mwili wa jambo lile ni ule ule: bweni, shinikizo, wasichana wasio na mahali pa kusemea. Nesi anayeitwa huko ana kazi ya kweli. Kwanza ahakikishe si malaria kali, si kifafa, si sukari iliyoshuka. Kisha awaondoe walioshikwa mbele ya umati wa watazamaji, awape chumba tulivu, awaweke watu wachache wasio na papara. Wazazi wakitaka kusali, wasali. Atakayepita akiwakejeli, awe mwalimu au daktari, atolewe nje kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Nesi ni mwanamke."

Si kweli, wala haikuwa kweli zamani. Madresa wa Tanganyika ya miaka ya 1920, waliosafisha vidonda na kugawa dawa katika zahanati za wenyeji, walikuwa wanaume. Neno "sista" tumelirithi kwa masista wa kanisa na kwa cheo cha Waingereza, likatuziba macho.

"Omufumu na hospitali ni maadui."

Nusu kweli, na nusu iliyo kweli inaua.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na ina baraza lake. Kwa hiyo mbele ya sheria omufumu, yaani mganga wa tiba asili, si mhalifu kwa kuwa mganga. Mgonjwa naye hachagui kati ya viwili. Anakwenda kwa omufumu Jumatatu, hospitali Alhamisi, na kwa mchungaji Jumapili, na kwake yeye hiyo ni bidii. Tatizo linaanza pale hospitali inapomkaripia: "Mmeshampa madawa yenu ya kienyeji, mnatuletea maiti!" Mama aliyekaripiwa mara moja hatasema ukweli tena. Mjamzito aliyekunywa mitishamba ya kuharakisha uchungu atanyamaza, nesi atamtundikia dripu ya oksitosini, na mfuko wa uzazi utasukumwa na dawa mbili kwa pamoja. Baadhi ya mitishamba hiyo hukaza mfuko wa uzazi kwelikweli. Unaweza kupasuka. Kwa hiyo swali la "umekunywa nini nyumbani, mama?", likiulizwa kwa sauti ileile inayouliza "umekula saa ngapi?", ni kipimo cha usalama kama kile cha presha.

Madeleine Leininger, nesi wa Kimarekani aliyekwenda kuishi na wenyeji wa Papua New Guinea miaka ya 1960, aligawa kazi hii ya kushughulika na mila sehemu tatu, na mimi naona mgawanyo wake unafaa Muleba bila kupunguzwa. Kuna mila za kuhifadhi, kuna za kupatana nazo, kuna za kusaidia zibadilike. Kikapu cha ndizi: hifadhi. Hirizi kwenye mkono wa mtoto anayeingia chumba cha upasuaji: patana, ifunge kwa plasta au mwombe bibi aishike mlangoni, usiikate kwa mkasi mbele ya mama yake. Na meno ya plastiki?

Hapo ndipo penye sehemu ile ya tatu. Kote Tanzania, na kwa jirani zetu Uganda pia, wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto mchanga mwenye homa, kutapika na kuharisha ameota meno mabaya, "ya plastiki" au "ya nailoni". Fizi inaonekana imevimba na nyeupe kidogo. Mtaalamu wa mtaani anaipasua kwa kisu, msumari au spoki ya baiskeli na kutoa kitu kidogo cheupe, laini. Kitu kile kipo kweli, na ndiyo maana imani hii haifi: mama amekiona kwa macho yake. Ila ni chipukizi la jino la chonge, ambalo kila mtoto analo. Linalofuata ni damu kupotea, tetenasi, maambukizi kwenye damu, na kuharisha kulikoanzisha yote kunaendelea bila maji ya chumvi na sukari.

Kumwambia mama "huo ni ujinga" ni kumwambia macho yake ni ya uongo. Nesi mwenye busara anamwambia: umeona kweli, mtoto ana uvimbe, na mwanangu wa kwanza alikuwa nao vilevile, hilo ni jino linalojiandaa. Kinachomwumiza ni maji yanayomtoka. Tuanze na hayo.

"Mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa."

Si kweli. Lakini tazama ilivyojengeka. Muleba ni nchi ya vilima na mabonde ambako malaria huja kwa mawimbi. Mwaka 2006 wilaya ilipigwa na mlipuko mkubwa. Mtoto anapata malaria kali, macho yanageuka, mwili unakakamaa. Nyumbani wanaona hii si homa ya kawaida, ni degedege, na degedege haina dawa ya hospitali. Siku mbili zinapita kwa waganga. Siku ya tatu analetwa, anachomwa sindano, na baada ya saa moja anakufa. Kijiji kizima kimeona mfuatano: sindano, kifo. Hakuna aliyehesabu siku mbili za mwanzo.

Utafiti uliochapishwa 2010, uliohusisha watoto zaidi ya 5,000 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba sindano ya artesunate ilipunguza vifo kwa zaidi ya asilimia 20 ikilinganishwa na kwinini. Takwimu hiyo ni nzuri kwa mkutano wa wataalamu. Kwa bibi aliyemshika mtoto, kinachoingia akilini ni kumwonyesha mtoto wa kitanda cha jirani aliyeletwa akiwa amekakamaa siku ya kwanza na leo anang'ang'ania uji.

"Ukimwi nchini uligundulika kwanza Kagera."

Kweli. Wagonjwa watatu wa kwanza kuripotiwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Walipougua watu waliofanya biashara ya mpakani, ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikivuka kutoka Uganda. Jina zuri la nguo likawa njia ya kusema bila kusema: huyu amepata kwa tamaa yake.

Mwaka 1987 watafiti walipopima, asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba mjini walikuwa na virusi. Bukoba vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10, na Biharamulo na Ngara hazikufika hata asilimia 1. Inayosahauliwa ni sehemu ya pili: kufikia 1996 Bukoba mjini ilikuwa imeshuka hadi asilimia 13.3, na dawa za kufubaza virusi zilikuja kutolewa katika hospitali za serikali miaka mingi baadaye, kuanzia 2004. Vifo vilichangia kushuka huko, kwa bahati mbaya. Ila watu pia walibadilika, nao walibadilika wakizungumza wao kwa wao, kwa lugha yao, kwenye misiba ambayo haikuisha.

Waliowauguza wale wagonjwa walikuwa zaidi dada zao, mama zao na bibi zao, juu ya mikeka, bila glavu na bila cheti. Historia ya uuguzi wa Kagera isiyowataja imekatwa nusu.

"Nesi anayeheshimu mila haingilii maziko."

Si kweli, na Kagera imelipia somo hili mara mbili. Katikati ya Machi 2023 taarifa zilitoka Bukoba vijijini za ugonjwa usiojulikana: homa, kutapika, damu, figo kushindwa. Tarehe 21 Machi Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza kuwa ni Marburg, kirusi kilichoitwa hivyo kwa mji wa Ujerumani ambako mwaka 1967 kiliwapata wafanyakazi wa maabara walioshika tumbili kutoka Uganda. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha, tarehe 2 Juni, wagonjwa walikuwa 9 na waliokufa 6. Wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Januari 2025 kirusi kikarudi, safari hii Biharamulo: wawili walithibitishwa, wanane walihesabiwa kuwa yumkini walikuwa nacho, na wote kumi walikufa.

Mwili wa aliyekufa kwa Marburg una virusi vingi kuliko alipokuwa anatembea. Kumwosha, kumbusu, kumlalia ukilia, kila kimoja ni mlango. Nesi anayenyamaza hapo kwa kuogopa kuvunja mila anawapeleka waombolezaji kaburini.

Lakini amri peke yake nayo inashindwa. Guinea, wakati wa ebola ya 2014, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba asilimia 60 ya maambukizi yalihusiana na mazishi, na timu zilizokuja na magari na mifuko ya plastiki bila salamu zilipigwa mawe, na watu wakazika usiku. Ndipo mwongozo ukabadilishwa: salama, na kwa heshima. Kwetu swali la kwanza la ukoo ni mahali pa kuzikia. Kaburi liko kibanjani, kati ya migomba, karibu na makaburi ya baba na babu; ndilo linalosema ardhi hii ni ya nani. Kumzika mtu pengine ni kumfukuza kwao. Kuoshwa kwa mikono kunaweza kuachwa kwa makubaliano. Kibanja hakiachwi kirahisi, wala hakuna sababu ya kitabibu ya kukataza watu waliofunzwa na kuvaa ipasavyo wasimzike hapo hapo, padri au shehe akisoma kwa umbali, na mtoto mkubwa akionyeshwa mwili umefungwa vipi na nani. Nesi anayejua tofauti ya hayo mawili ndiye anayetakiwa kwenye gari la kwanza.

"Mgonjwa wa sukari aage ndizi."

Si kweli. Ndizi mbichi ya kupika ni wanga, kama ugali na wali; cha kupima ni wingi. Vipande vichache, maharage mengi, mboga na samaki, sawa. Ukimnyima Mhaya ndizi kabisa, ataitikia kwa adabu na kula gizani.

"Kahawa ya kutafuna haihusiani na presha."

Si kweli. Kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, yenye kafeini zaidi ya arabika. Buni zikichemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, zinakuwa akamwani, zile punje anazopewa mgeni kabla hajasema shida yake. Mzee ametoka nyumbani alfajiri, amepita kwa rafiki, ametafuna punje tano, amepanda bodaboda, anafika kliniki. Kipimo kinasoma juu. Anaanzishiwa vidonge vya maisha.

Kafeini hupandisha presha kwa muda, na ndiyo maana mgonjwa anatakiwa akae walau nusu saa bila kahawa kabla ya kupimwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama amepita kwa mtu njiani. Akicheka, jibu umeshalipata. Mpe kiti, weka mashine pembeni, mwamkie vizuri. Kwa salamu za Bukoba, nusu saa huisha kabla hamjamaliza kuulizana habari za nyumbani.